Vumbi la Kiwanda Nyumbani Kwako: cha Kuandika, cha Kudai na Pa Kupeleka

Panda ngazi alfajiri, kabla jua halijakausha umande, upitishe kidole juu ya mabati ya nyumba yako. Vumbi la barabara ya udongo hufutika mara moja na kukiacha kidole chekundu. Vumbi la saruji lina tabia nyingine: likipata umande siku mbili tatu huganda, ukakuta gamba la kijivu ambalo halitoki mpaka ulikwangue kwa kisu. La timbo la matumbawe ni jeupe mithili ya unga wa muhogo, na ndoo moja ya maji huliondoa. Masizi ya dohani ni meusi na yana utelezi wa mafuta. Ukiyafuta kwa kitambaa yanaenea badala ya kutoka.

Naanza na mabati kwa sababu swali la kwanza utakaloulizwa na afisa yeyote ni hili: vumbi hilo ni la nani? Hapa kwetu Pwani ya Kenya viwanda na matimbo vimebanana. Kiwanda cha saruji kinapakana na mashine ya kusaga kokoto, nayo inapakana na barabara isiyo na lami inayopitwa na malori usiku kucha. Kila mwenye mali akiulizwa humnyooshea kidole jirani yake. Ukijua kuyatofautisha mavumbi, udhuru wa kwanza umeshauondoa.

Nimekaa miaka kadhaa upande wa chini wa upepo wa mashine ya kusaga kokoto, na haya niandikayo nimejifunza kwa kukosea. Barua yetu ya kwanza ilikuwa ukurasa mmoja na sahihi za mtaa mzima. Ilisema tunateseka, watoto wanakohoa, nguo hazianikiki, na serikali ituokoe. Haikujibiwa. Barua ya pili, miezi minane baadaye, ilikuwa na aya tatu tu. Ilitaja nambari ya leseni ya mwenye mashine, ikanukuu sharti linalomtaka amwagie maji mawe kabla ya kuyasaga na kufunika mikanda inayoyapitisha, kisha ikaorodhesha siku 19 ambazo maji hayakumwagwa, na saa zake. Afisa alifika kabla wiki mbili hazijaisha. Mateso yalikuwa yale yale katika barua zote mbili. Tofauti ni kwamba ya pili ilimpa afisa kitu cha kwenda kukagua.

Kwa hiyo kila utakachosoma hapa kinaelekea jambo moja: usipeleke malalamishi ya vumbi peke yake. Peleka sharti lililovunjwa, na siku lilipovunjwa.

Daftari

Nunua daftari lenye jalada gumu, lisilochanika kurasa. Liwe la kazi hiyo tu, lisichanganywe na hesabu za duka wala kazi za shule. Kila siku andika tarehe, saa vumbi lilipoanza na lilipokoma, upepo unatoka wapi, ulichokiona kwa macho yako, na aliyekuwa pamoja nawe. Andika kama hivi: "Jumanne, saa 11:40 jioni hadi saa 12:25. Upepo wa kusi. Wingu jeupe linatoka penye mkanda wa pili wa mashine, linavuka ukuta wa kaskazini, linafika msikitini. Hakuna maji yanayomwagwa. Nimeona mimi na jirani wa nyumba ya tatu." Usiandike "vumbi jingi mno, hali mbaya." Maneno hayo hayapimiki.

Andika pia siku zisizo na vumbi. Watu wengi huona hilo ni kazi bure, kumbe ndilo linalolipa daftari uzito. Mtu aliyeandika siku 60, na kati ya hizo 22 akaandika "leo hewa safi, mashine haikufanya kazi" au "leo wamemwaga maji, vumbi halikuvuka ukuta," ni vigumu kumwita mchochezi. Na siku hizo njema zinathibitisha jambo kubwa: kwamba vumbi linazuilika, na mwenye mashine anajua namna ya kulizuia.

Upepo ni shahidi wako. Kusi inavuma kutoka kusini na kusini mashariki, takriban Aprili hadi Oktoba. Kaskazi inashika kutoka kaskazini mashariki, Desemba hadi Machi. Nyumba iliyo kaskazini magharibi ya kiwanda huumia wakati wa kusi, na ile ya kusini magharibi huumia wakati wa kaskazi. Ndiyo maana majirani wawili wanaweza kubishana barazani, mmoja akiapa kwamba vumbi limepungua na mwingine akiapa limezidi, na wote wakawa wanasema kweli. Daftari moja la nyumba moja halitoshi. Zitafutwe nyumba tatu au nne, pande tofauti za kiwanda, kila moja na mwandishi wake.

Umeme ukikatika, andika saa. Viwanda vikubwa huchuja moshi kwa mifuko ya kitambaa kigumu iliyopangwa ndani ya chumba cha chuma, au kwa mtambo unaolivuta vumbi kwa nguvu ya umeme hadi likanata kwenye sahani za chuma. Mfuko ukitoboka, dohani hutoa vumbi mfululizo, saa baada ya saa. Mtambo wa umeme ukizimika, wingu zito hutoka kwa ghafla na kwa muda mfupi. Basi ukiona mawingu yako yanafuatana na kukatika kwa stima, umekwisha kupata swali la maana la kumuuliza mwenye kiwanda: umeme ukipotea, tanuri linaendelea kuwaka bila kichujio kwa dakika ngapi?

Picha zipigwe kutoka mahali pamoja, kila mara zikionyesha kitu kisichosogea, kama mnara wa msikiti, nguzo ya stima au mnazi unaojulikana. Picha ya siku safi na ya siku chafu zilizopigwa kutoka kibaraza kimoja zinasema mengi kuliko picha mia za mawingu yasiyojulikana yalipo. Picha ikishapigwa isifutwe kwenye simu. Ukiituma kwa WhatsApp na kuifuta ile ya asili, umebaki na nakala iliyofinywa, iliyopoteza tarehe na mahali ilipopigwa, na mahakamani utaulizwa hayo.

Kuna kipimo cha nyumbani kisichogharimu kitu. Weka kigae cheupe kwenye dirisha linaloelekea kiwandani, na cha pili, cha aina hiyo hiyo, kwa ndugu yako anayekaa mbali upande ambako upepo unatoka. Viache siku saba, kisha viweke sambamba kwenye meza na uvipige picha. Hicho si kipimo cha kisheria. Lakini nimeona mkutano mzima ukinyamaza vigae viwili vilipowekwa mezani, kimoja kikiwa bado kinang'aa.

Ujue tu kwamba vumbi unaloliona si lote. Chembe kubwa hukwama puani na kooni, ukapiga chafya, ukakohoa, zikatoka. Zinazoumiza zaidi ni zile ndogo zenye upana usiozidi sehemu 2.5 kati ya elfu moja za milimita, ambazo hupenya hadi ncha za mapafu na nyingine zikaingia katika damu. Unywele wa mtu ni mnene kuliko chembe hizo zaidi ya mara ishirini. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linashauri wastani wa chembe hizo kwa mwaka usizidi mikrogramu 5 katika mita moja ya ujazo ya hewa, na kwa siku usizidi 15. Kwa chembe kubwa kidogo, zenye upana hadi sehemu 10, kiwango ni 15 kwa mwaka na 45 kwa siku. Sheria ya Kenya ina viwango vyake katika Kanuni za Ubora wa Hewa, na inatofautisha eneo la viwanda na eneo la makaazi. Kwa hiyo ripoti yoyote ikisema "hewa iko ndani ya kiwango," uliza mara moja: kiwango cha eneo gani? Nyumba yako haigeuki kuwa eneo la viwanda kwa sababu kiwanda kimesogea.

Na kadi za hospitali. Ukimpeleka mtoto zahanati kwa kifua, mwambie daktari mnakaa karibu na kiwanda gani, na umuombe aandike hivyo kwenye kitabu. Rekodi nyingi husema "kikohozi" na kuishia hapo. Miaka mitano baadaye hakuna atakayekumbuka kwamba kikohozi hicho kilikuja kila msimu wa kusi.

Masharti ya leseni

Chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, kiwanda cha saruji, timbo kubwa au kiwanda cha kuyeyusha vyuma hakianzi kazi bila leseni ya tathmini ya athari kwa mazingira kutoka kwa NEMA, yaani Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira. Leseni hiyo huja na masharti. Kikishaanza kazi, kinatakiwa kukaguliwa kila mwaka na kupeleka ripoti ya ukaguzi huo kwa NEMA. Na chini ya zile Kanuni za Ubora wa Hewa, viwanda vinavyotoa moshi na vumbi vinahitaji leseni nyingine ya utoaji huo.

Hizi ni karatasi ambazo watu wengi wanaoishi karibu na viwanda hawajapata kuziona, na ndizo zenye majibu yote. Una haki ya kuziona. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na hata zilizo mikononi mwa mtu mwingine au kampuni, iwapo anazihitaji ili kulinda haki yake. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inasema ombi laweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Nataka hili likae vizuri: kwa Kiswahili. Asikwambie mtu kwenye kaunta urudi na barua ya Kiingereza. Na asiyejua kuandika, sheria inamtaka afisa amsaidie. Kupeleka ombi hakulipiwi. Unaweza tu kudaiwa gharama ya kutoa nakala.

Barua yenyewe ni fupi. Unaweza kuiandika hivi:

"Kwa Mkurugenzi wa Mazingira wa Kaunti. Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, naomba nakala ya leseni ya tathmini ya athari kwa mazingira ya kiwanda kilichopo (taja mahali na jina la kampuni), pamoja na masharti yake yote. Nakala ya leseni yake ya kutoa moshi na vumbi hewani. Na ripoti za ukaguzi wa kila mwaka za miaka mitatu iliyopita, zikiwa na kurasa zote za vipimo vya hewa. Mimi ni mkaazi wa (mtaa), na nazihitaji ili kulinda haki yangu ya mazingira safi na yenye afya chini ya Kifungu cha 42."

Toa nakala mbili. Moja wanabaki nayo, nyingine inapigwa muhuri wa kupokelewa na kuandikwa tarehe, urudi nayo nyumbani. Bila muhuri hujapeleka barua, umetembea tu mjini. Afisa ana siku 21 za kukujibu, na anaweza kujiongezea 14 kama kazi ni kubwa. Akikataa au akinyamaza, peleka lalamiko lako na ile nakala yenye muhuri kwa Tume ya Haki ya Kiutawala, ile ambayo wengi wanaiita ofisi ya Ombudsman, ndani ya siku 30. Huko hakuna haja ya wakili.

Karatasi zikifika, zisome mezani na wenzako, kalamu mkononi. Kwenye leseni tafuta masharti yanayopimika: kumwagia maji mara ngapi kwa siku, kufunika mikanda na marundo, malori kufunikwa turubai, saa za kusaga na saa za kulipua, mwendo wa magari ndani ya eneo, kupima kinachotoka kwenye dohani kila baada ya muda fulani, kupanda miti mpakani. Kila sharti lipewe ukurasa wake katika daftari. Kuanzia siku hiyo unaandika vumbi chini ya sharti lake.

Kwenye ripoti ya ukaguzi nenda moja kwa moja kwenye kurasa za vipimo. Hapo pana mambo manne ya kutazama, na kila mmoja anaweza kuyaona bila elimu ya kemia. Kipimo kilichukuliwa tarehe gani? Kama ni Mei, katikati ya masika, mvua imeosha hewa na ardhi imelowa. Kipimo hicho hakiwezi kusemea Februari. Upepo ulikuwa unatoka wapi? Chombo kiliwekwa upande gani wa kiwanda? Chombo kilichowekwa kusini ya kiwanda wakati wa kusi kinapima hewa inayotoka baharini kabla haijafika kiwandani, nayo lazima iwe safi. Na la nne, siku hiyo kiwanda kilikuwa kinafanya kazi? Ukifungua daftari lako ukakuta umeandika "mashine zimezimwa tangu juzi" katika tarehe ile ile ya kipimo, una barua ya kuandika.

Sisi tulikuta kipimo kilichochukuliwa mahali pamoja tu, kando ya lango la mbele, palipo na bustani na maua. Hatukumshitaki mtu kwa udanganyifu, na wewe usifanye hivyo kama huna ushahidi. Tulichofanya ni kuandika kwamba tunaomba kipimo kijacho kichukuliwe pia upande wa magharibi, msimu wa kaskazi, mashine zikiwa zinafanya kazi, na maabara iliyoidhinishwa na NEMA. Ombi la namna hiyo ni gumu kulikataa kwa maandishi.

Na kama ni timbo, tazama pia sharti la kuirudisha ardhi katika hali nzuri. Bamburi, Mombasa, matimbo yaliyochimbwa kwa ajili ya saruji yalianza kupandwa miti mwaka 1971, kazi iliyoongozwa na René Haller. Mti uliofaulu juu ya ule mwamba mtupu ulikuwa mvinje, na jongoo waliletwa kuyamung'unya majani yake hadi yakawa udongo. Leo watu hulipa kiingilio kwenda kutembea humo. Kwa hiyo mtu akikwambia timbo haliwezi kuwa kitu kingine ila shimo la vumbi, mwambie aende Bamburi.

Pa kupeleka

Wengi wanadhani NEMA ndiyo mlango pekee. Siyo. Jedwali la Nne la Katiba limeweka udhibiti wa uchafuzi wa hewa na kero nyingine za umma katika kazi za serikali za kaunti. Maana yake wenye jukumu ni wawili, na barua yako iende kwa wote wawili siku moja, kila mmoja akiona kwamba mwenzake amepewa nakala. Nimeona malalamishi yakizunguka mwaka mzima, NEMA ikisema hilo ni la kaunti na kaunti ikisema hilo ni la NEMA. Barua moja yenye mihuri miwili huwaondolea nafasi hiyo.

Katika kaunti, aliye karibu nawe zaidi ni afisa wa afya ya umma, na watu humsahau. Chini ya Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, moshi na uchafu unaodhuru afya ni kero ambayo afisa huyo anaweza kumpa mwenye mali notisi ya kuiondoa, na asipotii akampeleka mahakamani. Mara nyingi ofisi yake iko kwenye kituo cha afya unakokwenda kuchanja watoto. Mpelekee daftari na kadi za hospitali pamoja.

NEMA ina wakaguzi wenye mamlaka ya kuingia kiwandani, kuchukua sampuli na kudai rekodi. Kwa idhini ya maandishi ya Mkurugenzi Mkuu wanaweza kuufunga mtambo unaochafua mazingira kinyume cha sheria. Mamlaka inaweza kutoa amri ya kurejesha mazingira, na inaweza kusimamisha au kufuta leseni. Kwa hiyo unapoandika, usiombe tu "hatua zichukuliwe." Taja hatua: naomba ukaguzi ufanywe siku ya kazi, saa ambazo daftari linaonyesha vumbi huzidi, na naomba nakala ya ripoti yake.

Chifu na mzee wa mtaa wajulishwe mapema, kwa heshima, kwa sababu ndio watakaoitwa kuulizwa kama wanakufahamu. Lakini wao hawana mamlaka juu ya leseni ya kiwanda. Makubaliano ya barazani, kwamba kiwanda kitamwaga maji kuanzia Jumatatu, yaandikwe, yatiwe sahihi na pande zote, na nakala iende NEMA. Vinginevyo Jumatatu hiyo itapita kama nyingine. Ikiwa ofisi zenyewe ndizo zinazokuzungusha, kuna Kamati ya Kitaifa ya Malalamishi ya Mazingira, iliyoundwa na sheria ile ile ya 1999 kuchunguza madai kuhusu hali ya mazingira.

Kama kiwanda hakijajengwa

Hapa ndipo kazi ni rahisi zaidi, na ndipo watu hulala. Mwenye mradi mkubwa anatakiwa kufanya mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoathirika, na ripoti yake ikishafika NEMA, tangazo hutolewa magazetini na kwenye gazeti rasmi la serikali likiwaalika wananchi kutoa maoni kwa mdomo au kwa maandishi ndani ya siku 30. Ukiona jiwe la mpaka geni au watu wanapima ardhi, usingoje tangazo likufuate. Nenda ofisi ya NEMA ya kaunti uulize, na uende pia idara ya mipango ya ardhi ya kaunti uulize kama kuna ombi la kubadilisha matumizi ya kiwanja hicho.

Katika mikutano hiyo kuna karatasi ya mahudhurio. Uisaini, kwa maana ulihudhuria, lakini jua kwamba itabandikwa nyuma ya ripoti kuonyesha kwamba wananchi walishirikishwa. Kama una pingamizi, liandike kwa mkono wako, lisome kwa sauti, na uhakikishe nakala imepokewa siku hiyo hiyo. Pingamizi liwe la kitu: nyumba ngapi ziko upande upepo unakoelekea, shule iko umbali gani, kisima ni cha nani. Leseni ikitolewa na hukuridhika, unaweza kukata rufaa kwenye Jopo la Kitaifa la Mazingira ndani ya siku 60. Siku hizo zikipita, mlango huo umefungwa, nawe umebaki na njia ndefu ya mahakama.

Mahakama, na yaliyotokea Owino Uhuru

Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa au ikielekea kuvunjwa, na kinasema waziwazi kwamba si lazima aonyeshe kwamba yeye au mwingine amepata hasara au madhara. Huna haja ya kungoja mapafu yaharibike. Mahakama yenyewe ni ya Mazingira na Ardhi, na inaweza kuamuru kiwanda kiache, kuamuru ofisi ya serikali itimize wajibu wake, au kuamuru fidia.

Anayetaka kujua njia hiyo ilivyo aitazame kesi ya Owino Uhuru, mtaa wa Mikindani, Mombasa. Kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi kilijengwa ukuta kwa ukuta na nyumba za watu wapatao 3,000. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wake. Mwanawe mchanga alipougua, vipimo vilionyesha risasi katika damu. Akaacha kazi, akaanza kuwakusanya majirani, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Kiwanda kilikuwa kimefungwa mwaka 2014. Wakaazi walishitaki mwaka 2016, na Julai 2020 mahakama ya Mombasa ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 na kuamuru udongo usafishwe. NEMA yenyewe ilikuwa miongoni mwa waliopatikana na hatia ya kuzembea. Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo mwaka 2023, kisha Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024.

Hesabu miaka. Nane, tangu kushitaki hadi neno la mwisho, na watoto wa mtaa ule wamekua huku risasi ikiwa mwilini mwao. Sikwambii haya ili uogope mahakama. Nakwambia ili usiifanye mlango wa kwanza, na ili ujue kilichowabeba wale watu kilikuwa vipimo vya damu, vipimo vya udongo na barua za serikali zenye tarehe. Hatari ikiwa ya haraka, wakili anaweza kuomba amri ya muda mara tu kesi inapoandikishwa, kabla ya kusikilizwa. Vumbi la risasi, asbesto au kemikali halingojewi miezi ya daftari: mpeleke mtoto akapimwe wiki hii, na kama ni risasi apimwe damu, na barua iende siku hiyo hiyo.

Kama mkate wako unatoka kiwandani humo

Mara nyingi anayelalamika na anayeajiriwa wanakaa nyumba moja. Mfanyakazi ana sheria yake, ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, na idara yake chini ya wizara ya kazi, ambayo hupokea malalamishi. Mwajiri ndiye anayepaswa kulizuia vumbi linapotoka na kutoa vifaa vya kujikinga, na havikatwi kwenye mshahara. Barakoa ya kitambaa haizuii chembe ndogo. Wanaochonga mawe ya Mazeras wawe na hadhari zaidi kuliko wachonga matumbawe, kwa kuwa jiwe la Mazeras ni mchanga ulioshikana, na vumbi lake lina silika, inayoyakaza mapafu polepole na ambayo tangu 1997 imewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Kulilowesha jiwe kabla ya kulikata hupunguza vumbi hilo sana. Na vumbi la saruji likikutana na jasho huunguza, kwa hiyo nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za mtoto.

Baada ya ukaguzi

Afisa akija, usimwachie kazi na kurudi nyumbani. Muombe nakala ya alichoagiza na tarehe ya mwisho ya kutekelezwa. Fungua ukurasa mpya wenye tarehe hiyo juu yake. Kwetu iliagizwa mikanda ifunikwe ndani ya siku 60 na maji yamwagwe kila baada ya saa mbili. Maji yalianza wiki ile ile. Mikanda ilifunikwa siku ya 74, baada ya barua fupi ya mistari mitano tuliyoipeleka siku ya 61. Mwezi uliofuata jirani yetu wa nyumba ya tatu alianika leso nyeupe nje kwa mara ya kwanza tangu ahamie, akaziangalia jioni, kisha akaingia ndani kuandika: "Saa 12:10. Kusi. Safi."